Mkataba wa Arusha na Gulio la Mabamba

Watu wa Kibondo na Kasulu, katika mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, hawakungoja mwaka 2007, Burundi ilipopokewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndipo waanze kununua, kuuza na kuoana na watu wa ng'ambo ya mpaka. Siku ya gulio, wanawake wa Kirundi huteremka kutoka vilima vya Gisuru hadi Mabamba ya Kibondo wamejitwika maharage na ndizi, na jua linapopunga hurejea kwao na chumvi, sabuni, dagaa na mafuta ya mawese. Aghalabu hawana hati ya kusafiria, wala cheti cha asili ya bidhaa, wala leseni, ila wanajulikana kwa majina yao na ya baba zao, na dhamana yao kubwa ni kwamba wiki ijayo watarudi. Hoja ninayotaka kuisimamisha katika makala haya ni kwamba muamala huu mdogo, ambao serikali zetu mbili mara nyingi huutazama kwa jicho la shaka kama jambo la kudhibitiwa, ndio unaozipa uhai karatasi za Jumuiya zilizotiwa saini Arusha, na kwamba dola inayowasumbua watu hawa kwa jina la kulinda mipaka, huku ikiandika mikataba ya kuiondoa mipaka hiyo hiyo, inajitaabisha bure.

Elimu ya jamii ina la kusema hapa, na si la kupuuzwa. Mwaka 1893 mwanachuoni wa Kifaransa Émile Durkheim alitoa kitabu juu ya mgawanyo wa kazi katika jamii, na ndani yake akamjibu Herbert Spencer wa Uingereza, aliyeshikilia kwamba jamii za siku hizi huungwa na mapatano ya hiari baina ya watu ambao kila mmoja wao anatafuta faida yake. Durkheim alikataa. Alisema kuwa faida ni kifungo dhaifu, kwa kuwa yule ambaye leo ni mshirika wangu kwa sababu ya faida anaweza kuwa hasimu yangu kwa sababu ile ile, na kwamba kila mapatano yanayodumu husimama juu ya kitu ambacho hakikuandikwa katika mapatano: mila, imani, adabu ya kutimiza ahadi, na haya mbele ya watu. Hakimu na askari wanaweza kumlazimisha mtu mmoja aliyevunja ahadi, lakini hapana idadi ya mahakimu wala askari inayotosha ikiwa kila mtu anakusudia kuvunja.

Karne tano kabla yake, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis aliyefia Cairo, alikwisha kuligusa jambo hili kwa upande mwingine katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377. Yeye alitafuta nguvu inayozisimamisha dola na kuziangusha, akaiona katika asabia, ule moyo wa kushikana unaomfanya mtu aone dhuluma aliyotendewa mwenziwe kuwa ni yake. Asabia, kwa maelezo yake, aghalabu hutoka katika nasaba, lakini nasaba peke yake, ikibaki kuwa elimu ya kuhesabu mababu bila ya kuleta msaada, haina manufaa. Na tena asabia huweza kuzaliwa kwa kuishi pamoja, kwa kulindana na kwa mapatano ya udugu baina ya watu wasio wa damu moja. Nawaleta wanachuoni hawa wawili mbele ya msomaji kwa sababu mikutano yetu ya ushirikiano wa kiuchumi imejaa wanasheria na wataalamu wa forodha, ambao kazi yao ni ya lazima na naiheshimu, lakini swali walilouliza wazee hawa, yaani ni nini kinachowafanya watu waaminiane kabla ya saini, halina kiti katika mikutano hiyo.

Kama liko mahali katika Afrika Mashariki ambapo swali hilo lina jibu linaloonekana kwa macho, basi ni katika nyanda za juu za Kigoma. Buha ya zamani, yaani nchi ya Waha, ilikuwa na falme zake, Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko, na nyinginezo, na watawala wake waliitwa abami kama walivyoitwa wafalme wa Burundi. Hata jina la kifalme la Ntare lilitawala pande zote mbili. Kiha na Kirundi husikilizana bila ya mkalimani. Kusini yake, chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza zimepikwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, kama walivyothibitisha wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi hapo katika miaka ya 1960, na chumvi hiyo ilipanda Buha, ikaingia Burundi na kuvuka Ziwa Tanganyika, nayo ikileta majembe, mifugo na nafaka. Hapakuwa na mkataba ulioandikwa. Palikuwa na ukoo, palikuwa na urafiki wa kuchanjiana, na palikuwa na bugabire, desturi ya mwenye ng'ombe kumkabidhi mwenziwe mnyama akaishi kwa maziwa na mbolea yake, na kwa hayo akafungika kwa utumishi na utiifu. Insafu inanilazimisha kusema kuwa bugabire haikuwa desturi ya watu walio sawa; ilikuwa na bwana na mfuasi, na mfuasi alilipa sana. Walakini ilifanya kile alichokieleza Ibn Khaldun, ikawatia watu wasio wa damu moja katika wajibu wa kulindana, na wajibu huo ndio uliobeba biashara.

Wala mtu asidhani kwamba siku hizo hapakuwa na ushuru. Msafiri Henry Morton Stanley, alipopita Buha mwezi wa Novemba 1871 akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa hongo ya nguo na mtawala huyu, kisha na yule, kisha na mwingine mbele yake, hata alipoona kwamba mali yake itakwisha njiani akakodi mtu wa kumwongoza, akaiacha njia kuu usiku na kupita porini kwa siri pamoja na wapagazi wake. Njia za panya tunazozilaumu leo zina mfano wake katika safari hiyo mashuhuri, na sababu yake ni moja: mwenye mali anapotozwa mara nyingi na wakubwa wengi, kila mmoja kwa hesabu yake, na asione ni ulinzi gani aliopewa kwa kila alichotoa, huiacha njia ya halali.

Kisha ukaja mpaka. Dola ya Wadachi iliziweka Rwanda, Burundi na Buha chini ya bendera moja, lakini mwaka 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji waligawana, Burundi ikaenda kwa Wabelgiji na Buha ikabaki Tanganyika ya Waingereza. Wala hapana mzee wa Heru au wa Muhambwe aliyeulizwa. Waliogawana hivyo walijua kuwa biashara haiwezi kukatwa, kwa hiyo tarehe 15 Machi 1921 wakapatana kwamba Ubelgiji ipewe sehemu za bandari katika Kigoma na Dar es Salaam, maarufu kwa jina la Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, daima dumu. Huo nao ulikuwa ushirikiano wa kiuchumi wa kanda, tena wenye utaratibu mzuri na hati zilizokamilika. Mwaka 1961, Tanganyika ilipokuwa inapata uhuru, Julius Nyerere alitangaza kwamba nchi yake haiwezi kufungwa milele na mapatano ya wakoloni juu ya ardhi yake, na mbele ya serikali yake hati ile ikapoteza nguvu, kwa maana hapakuwa na umma uliojiona una haki au wajibu ndani yake.

Kwa watu wa Kasulu na Kibondo mpaka ule ulikuwa na maana nyingine iliyo chungu zaidi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini badala ya kuifanya Buha kuwa kitovu cha biashara ya maziwa makuu, serikali ya kikoloni iliifanya kuwa ghala la nguvu kazi. Vijana wa Kiha, pamoja na wenzao wa Kirundi, waliandikishwa kwa maelfu kwenda kukata katani Tanga na Morogoro, na baada ya mwaka 1944 kazi ya kuwaandikisha ilishikwa na shirika la wenye mashamba lililoitwa SILABU. Hao ndio manamba, waliojulikana kwa namba zao na si kwa majina. Nchi iliyokuwa katikati ya njia za chumvi na mifugo ikageuzwa kuwa pembe ya mwisho ya koloni. Wenye elimu ya jamii wa mrengo wa Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, wametuonyesha kuwa upembe wa namna hii hautokani na maumbile ya nchi. Hutengenezwa, na ukishatengenezwa hujirudia hata baada ya bendera kubadilika.

Tulipojitawala tulijaribu ushirikiano wetu wenyewe. Mkataba wa Kampala wa mwaka 1967 uliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika reli moja, bandari moja, posta moja na shirika moja la ndege, ukaweka na benki ya maendeleo na kodi maalumu ya kuvilinda viwanda vya nchi dhaifu. Kwa vipimo vya Durkheim, hayo yalikuwa mategemeano makubwa kuliko tuliyo nayo sasa. Mwaka 1977 yote yalivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Sababu zimesemwa mara nyingi: faida ziliegemea upande wa Nairobi, Nyerere hakukubali kuketi meza moja na Idi Amin, itikadi zikapingana. Mimi naongeza moja. Jumuiya ile ilikuwa mali ya maofisa. Mkulima wa kahawa wa Manyovu, kule mpakani Kigoma, hakuwa na chochote mkononi mwake ambacho alikipata kwa Jumuiya na ambacho angekilia ilipokufa. Na alichokuwa nacho, yaani soko lake na Warundi, kilikuwa nje ya Jumuiya, kwa kuwa Burundi haikuwemo.

Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa forodha ukaanza mwaka 2005, Burundi na Rwanda zikaingia mwaka 2007, soko la pamoja likaanza tarehe 1 Julai 2010, na baada yake Sudan Kusini, Kongo na Somalia zikajiunga. Ni maendeleo, na sitaki kuyapunguza. Lakini saini hizo hazikuzuia mpaka wa Uganda na Rwanda pale Gatuna kufungwa kuanzia mwaka 2019 hadi mwaka 2022, wala hazikuizuia Burundi kuufunga mpaka wake na Rwanda mwezi wa Januari 2024. Katika kila tukio la namna hiyo wakubwa waligombana kwa mambo ya usalama, na wachuuzi wakalipa.

Sasa turudi Mabamba, maana hapo ndipo nionapo jambo ambalo Durkheim mwenyewe hakulitarajia. Yeye aligawa mshikamano katika namna mbili: ule wa watu wanaofanana, wenye lugha, dini na maisha ya aina moja, na ule wa watu wanaotegemeana kwa sababu kila mmoja anafanya kazi asiyoifanya mwingine, akaona kwamba kwa kadiri jamii zinavyokua, wa kwanza hudhoofika na wa pili hushika nafasi yake. Katika nyanda za Kigoma yote miwili iko pamoja, na mmoja humbeba mwenziwe. Waha na Warundi wanafanana, na wakati huo huo wanategemeana, kwa maana hali za nchi zao ni tofauti sana. Burundi ina eneo la kilomita za mraba kama 27,800 na watu zaidi ya milioni 12, ambao wengi wao wanalima vishamba vilivyogawanywa na kugawanywa tena kwa urithi. Mkoa wa Kigoma, wenye nchi kavu ya kilomita za mraba kama 37,000, ulihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu wasiofika milioni 2 na nusu. Upande mmoja una mikono isiyo na ardhi, upande wa pili una ardhi inayoomba mikono. Fauka ya hayo, Burundi imepita miaka ya karibuni katika uhaba mkubwa wa petroli na fedha za kigeni, hata madumu ya petroli ya Tanzania yakawa yanavushwa kwa siri, ilhali vitenge kutoka Kongo na Burundi vimeipatia Kigoma sifa hadi Dar es Salaam.

Muamala wote huu huendeshwa kwa mkopo wa neno. Mwenye duka la Kasulu humpa mchuuzi wa Kirundi mali asubuhi akingoja fedha gulio lijalo. Akichelewa, yupo shemeji au mjomba wa upande huu wa kuulizwa. Mkopo huo benki haiwezi kuutoa, kwa kuwa benki inataka rehani na anwani, na hapa rehani ni jina la mtu kwa jamaa zake. Kufanana ndiko kunakofanya kutegemeana kuwezekane. Mwenye kuuondoa ujirani huo, akadhani kwamba biashara itabaki kwa sababu faida ipo, ataona kuwa iliyobaki ni ile ya wakubwa wenye malori, na ile ya wahalifu wenye silaha. Mchuuzi wa katikati atakuwa ametoweka.

Na dola imeuondoa mara kadha wa kadha. Mwezi wa Julai 1996, baada ya Meja Pierre Buyoya kupindua serikali, viongozi wa kanda walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Nia ilikuwa njema na suluhu ya Burundi iliyofikiwa Arusha mwaka 2000 ilifuata, lakini magulio ya mpakani yalibeba mzigo ambao hayakuufanyia kosa. Mwezi wa Julai 2013 wahamiaji wasio na vibali waliamriwa kuondoka, na mwezi wa Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ikawakumba maelfu ya watu, wakiwamo waliokaa nchini kwa miongo, waliooa hapa na kuzaa hapa. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi yasiuzwe nje ya nchi, mwaka ule ule ikasimamisha mpango wa kuwapa wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu fedha taslimu, na kabla ya muongo kwisha masoko ya pamoja ya makambini, ambako wakulima wa Kasulu na Kibondo waliuza ndizi na mihogo kwa wakimbizi wa Kongo na Burundi, yalifungwa. Kila moja ya amri hizi ilikuwa na sababu iliyotajwa. Zikichukuliwa pamoja, zinamfundisha mwananchi wa mpakani kwamba ujirani ni jambo la kibali, na kibali huweza kuondolewa usiku mmoja.

Jambo linaloniuma zaidi ni la vibarua. Kila msimu wa kulima, vijana wa Kirundi huvuka kwenda kulima mashamba ya Kasulu na Kibondo, mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na bila ya mikono yao ekari nyingi zisingepandwa. Itifaki ya soko la pamoja inasema juu ya uhuru wa wafanyakazi kuhama, lakini orodha ya kazi ambazo Tanzania ilikubali kuzifungua ni ya wenye taaluma na ufundi. Kibarua wa jembe hayumo. Kwa hiyo mhandisi kutoka Bujumbura ana njia ya kisheria ya kufanya kazi nchini, naye mkulima ambaye babu yake na babu wa mwenye shamba walikunywa kibuyu kimoja hana. Matokeo yake ni dhuluma, kwa maana mtu asiye na haki ya kuwapo hana mahali pa kushitaki. Husimuliwa habari za wenye mashamba ambao, mavuno yakiisha, huacha kulipa ujira wakijua kuwa aliyelima hawezi kwenda kituoni. Ujirani uliobeba heshima kwa vizazi unageuzwa kuwa nafasi ya kunyonyana, na anayenyonywa hapo si Mrundi peke yake, kwa kuwa kibarua wa Kiha naye hushushiwa ujira wake na kuwapo kwa mtu anayelazimika kukubali lolote.

Shaka hii ya mpakani imewarudia hata raia. Mtu wa Kigoma anayetafuta kitambulisho cha taifa au hati ya kusafiria huulizwa maswali ambayo mtu wa Dodoma haulizwi, kwa sababu lugha yake na sura yake zinafanana na za jirani. Dola iliyokubali Burundi iwe ndani ya Jumuiya inamfanya mwananchi wake alipe kwa kufanana na mwanachama mwenziwe.

Najua pingamizi lililopo, nami silichukulii kuwa dogo. Katika miaka ya 1990, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba 1993, vita vya Burundi vilivuka mpaka pamoja na wakimbizi. Silaha ziliingia, na kwa miaka mingi mabasi ya njia ya Kibondo yalisafiri yakisindikizwa na askari. Misitu iliyozunguka kambi ilikatwa kwa kuni. Watu wa Kibondo na Kasulu waliipokea mizigo ya wakimbizi wa Burundi ya mwaka 1972, ya 1993 na ya 2015, wakati nchi zilizo tajiri kuliko sisi zilikuwa zikifunga milango, na wana haki ya kuchoka. Ardhi nayo ni jambo zito. Itifaki ya soko la pamoja yenyewe iliacha mambo ya ardhi katika sheria za kila nchi, na Tanzania ilisimama imara juu ya hilo kwa kuhofia watu wa vijijini kupokonywa. Naafiki msimamo huo. Wala asabia si malaika: udugu wa ukoo huweza kuficha mhalifu kama unavyoweza kumfadhili mgeni, na Burundi yenyewe imeonja jinsi mshikamano wa kundi unavyogeuka kuwa upanga.

Lakini tazama jinsi hoja hizi zinavyoelekea. Jambazi mwenye bunduki hapiti gulioni mchana na kapu la maharage kichwani. Anayepita gulioni hujulikana, na wazee wanaomjua wanaweza kusema ni nani asiyejulikana. Pale mpaka unapofungwa na kila mvukaji kuwa mkosaji, mwema na mwovu hukutana katika njia moja ya porini, na ushahidi wa wazee unanyamaza kwa hofu ya kuwaponza jamaa zao. Kuhusu ardhi, kibali cha kulima kwa msimu hakimpi mtu haki ya kumiliki, na kukitoa kwa maandishi ndiyo hadhari bora kuliko hali ya sasa ambapo mgeni asiyeandikishwa hukaa miaka bila ya yeyote kuulizwa. Na kuhusu uzito wa wakimbizi, nchi hii imeonyesha kwamba inaweza kuwa na moyo mkubwa na utaratibu kwa pamoja, ilipowapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwa waliokuja mwaka 1972 na wazao wao.

Utaratibu ninaoutaka si wa ajabu. Baina ya Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, nchi ambazo serikali zake zimekuwa katika uhasama wa miaka mingi, wachuuzi kwa makumi ya maelfu wamekuwa wakivuka kila siku kwa karatasi nyepesi ya mkaazi wa mpakani, wakenda asubuhi na kurudi jioni. Sheria za Jumuiya yetu zinaruhusu bidhaa za asili ya kanda zisizozidi thamani ya dola 2,000 kupita kwa cheti chepesi bila ya ushuru wa forodha. Kinachokosekana katika vituo vya mpakani kama Mabamba, Kilelema na Kitanga ni kuyashusha hayo hadi kwa mwenye kapu: kwamba cheti kipatikane sokoni penyewe, siku ya gulio, kwa Kiswahili na Kirundi; kwamba ushuru wa mazao wa halmashauri utozwe mahali pamoja tu, na risiti yake iheshimiwe na kila kizuizi kilichoko mbele; kwamba mtendaji wa kijiji upande huu na mkuu wa kilima upande ule waweze kumpa mkaazi kadi ya kuvuka; na kwamba kibarua wa msimu aandikishwe, ujira wake ukitajwa mbele ya mashahidi, ili mwenye shamba na mlimaji wote wawe na mahali pa kushitakiana.

Miradi mikubwa inakuja, na naifurahia. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita kama 260, imepata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na kipande chake cha Rumonge upande wa Burundi. Nayo reli ya kisasa ya kutoka Uvinza hadi Musongati, kilomita 282, ilitiwa saini ya ujenzi mwaka 2025. Ila reli hiyo imechorwa kwa ajili ya nikeli ya Musongati ifike bandarini Dar es Salaam, na treni ya madini huweza kupita katika nchi ya watu bila ya kuwagusa, kama ile ya mwaka 1914 ilivyopita ikachukua vijana na kuacha mashamba. Wanaopanga vituo waulizwe sasa, kabla ya tuta kumwagwa kifusi, ni gulio gani litakalokuwa karibu na kila kituo, na gunia la maharage la mtu mmoja litapokewa kwa nauli gani.

Mengine hayahitaji kungoja mkutano wa wakuu wa nchi. Mkuu wa wilaya ya Kibondo na mwenziwe wa Gisuru wanaweza kuketi Mabamba kabla ya mvua za mwanzo wa msimu, pamoja na wazee wa vijiji na wa vilima, ofisa wa uhamiaji, mtu wa forodha, na wanawake wa gulio wenyewe wakiwa na haki ya kusema, wakapatana juu ya mambo matatu: siku za soko zisizoweza kufutwa ila kwa taarifa ya pande zote mbili, mfano wa kadi ya mkaazi, na ujira wa kulima ekari moja. Kasulu ifanye vivyo hivyo na jirani zake, na mihutasari ya vikao hivyo ipelekwe Arusha, isomwe na wale wanaoandika itifaki.